Kipande Kilichoelea

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekuwa mwalimu. Walimu wangu wangenisikia wangefufuka kwa kicheko.

Binti yangu wa mwisho ana miaka thelathini na nane. Mume hana, ubishi anao. Amerudi shule. Mtihani wa Biolojia ni mwezi ujao, akipita anaingia chuo cha uuguzi. Kanibwagia daftari mezani. Eti, Baba, hii mada ya tishu inanitoa jasho, na wewe umekaa na tishu miaka thelathini.

Nilikaa nazo, kweli. Lakini mtu anaweza kukaa na mke miaka thelathini na bado asijue funguo ameziweka wapi. Mimi nilikuwa mkataji tu pale hospitali. Mgonjwa akitolewa kinyama mwilini, kinazamishwa kwenye nta, nta inaganda, inakuwa kama kipande cha sabuni ya kuishia. Nakifunga kwenye mashine, nakikata vipande vyembamba, ganda la kitunguu kando yake ni blanketi. Vipande naviweka vielee kwenye beseni la maji ya uvuguvugu vijinyooshe, halafu navivua kwa kioo. Vinatiwa rangi. Daktari anachungulia kwenye hadubini, anasema huyu salama, huyu hapana. Ndiyo kazi. Ndiyo maana mpaka leo naitwa Wembe, ingawa kidevu changu hakijauona siku nne.

Basi nikachukua paja la kuku kabla halijaingia chunguni. Ngozi hii, epithelia: vigae vya bafuni, kazi yake kufunika na kuzuia. Nyama, misuli: kazi yake kuvuta. Uzi huu mweupe, neva: umbea, unapeleka habari. Kano, gegedu, mfupa, mafuta, hizo zote tishu unganishi: zinashika nyumba isianguke. Na damu.

Akabisha! Damu ni maji, Baba, itaunganishaje? Nikamwambia wahenga walisema damu nzito kuliko maji, na wao hawakuwa na mtihani. Akaandika. Ameandika kweli, na wahenga humo ndani. Mungu amsaidie.

Mimea kesho. Nimeweka bua la kabichi kwenye gilasi ya wino mwekundu.

Jumanne, 5 Machi

Wino umepanda vidole viwili. Nimemwonyesha: hiyo ndiyo zailemu, mabomba ya kupandisha maji. Floemu inashusha chakula kutoka majani. Na pale nchani, kwenye kikonyo kichanga, kuna meristemu, seli ambazo hazijaamua ziwe nini na hazichoki kuzaliana. Kata tawi, mti unatoa jingine.

Kaniuliza mbona mtu hana meristemu. Mbona mguu wa mjomba haukuota.

Nikamwambia aoshe sahani.

Jioni kwa huyo mjomba wake. Ni mdogo wa marehemu mke wangu, fundi cherehani, jirani wa nyumba ya tatu. Mtaa mzima unamwita Pedali, kwa sababu cherehani yake ni ya kukanyaga na yeye anaikanyaga kwa mguu mmoja. Wa kushoto ulikatwa chini ya goti, mwaka wa ishirini na saba huu. Mashine haijui. Mshono wake umenyooka kuliko tabia yangu.

Tumecheza drafti. Kanifunga mara mbili. Katikati ya mchezo akasimamisha kete hewani. "Shemeji, kinawasha."

Anasema kidole gumba. Cha mguu ambao haupo. Miaka yote hii kinawasha, hasa kukiwa na mawingu. Neva ile haikuambiwa kwamba mwenzake ameondoka. Basi mimi huinama, nakuna sakafu pale ambapo kidole kingekuwepo. "Hapo?" "Juu kidogo. Aaah, hapo hapo." Wateja hutudhania wendawazimu. Leo mama mmoja aliyeleta gauni amerudi nyuma mpaka mlangoni.

Utani wetu huo. Nimeukuna utani huo miaka ishirini na saba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitwa hospitali. Mimi! Nikafikiri wamegundua stuli niliyoondoka nayo siku ya kustaafu.

Kumbe kuna daktari mpya wa tishu. Mwanamke kijana, anavaa raba, anasema "shikamoo mzee" huku anakimbia. Anataka kuandika juu ya watu waliougua saratani mbaya zamani na bado wanapumua. Kwenye rejesta amempata mmoja tu wa saratani ya misuli ya mguu aliyeishi zaidi ya miaka ishirini. Mmoja tu, mzee! Haijatokea! Anataka kile kipande chake cha nta akikate upya, alhamisi ijayo, akitazame kwa rangi za kisasa. Tatizo hakipati. Stoo ya zamani hakuna anayeielewa.

Haieleweki kwa sababu niliipanga mimi. Namba zilinishinda, nikapanga kabati kama mtu aliyesimama: vichwa droo ya juu, matumbo katikati, miguu chini. Aliyekuwa bosi alinitukana siku nzima, halafu akazoea.

Nikamuuliza mgonjwa ni nani. Akanionyesha jina.

Nilikwishajua kabla hajageuza rejesta.  

Ameshampigia Pedali simu. Pedali amekubali. Ijumaa ya wiki ijayo atasimamishwa mbele ya wanafunzi wa udaktari kama mfano wa mtu aliyepona.

Ijumaa, 8 Machi

Sikwenda kwenye drafti. Nimesema kichwa. Wino umefika jani la kwanza.

Jumamosi, 9 Machi

Haya, Wembe. Daftari hili halisomwi na mtu. Andika.

Pedali alikuwa na uvimbe kwenye muundi wa kushoto. Wakamtoa kinyama, kikaja kwetu. Foleni ilikuwa ya siku tisa. Mke wangu hali, halali, ni mdogo wake wa pekee. Kaniambia, wewe si uko huko huko? Fanya mambo! Na mimi nani wa kukataa sifa? Nikachomoa namba yake nyuma ya foleni, nikaipachika mwisho wa siku ileile. Upendeleo. Kila mtu alifanya, kwa shangazi, kwa jirani, kwa mwenye kuleta karanga.

Sasa maji. Kila ukimaliza kipande cha mtu mmoja, unapitisha karatasi juu ya beseni, unafuta uso wa maji, maana huwa kinabaki kijiuchafu kisichoonekana. Nyama ya mtu. Usipofuta, kinaelea, kinasubiri, na kinapanda kwenye kioo cha mtu anayefuata. Hiyo niliijua kuliko Baba Yetu. Niliwafundisha wengine.

Siku ile kabla ya Pedali nilikata uvimbe wa mtu mwingine. Mbaya kabisa, saratani inayotisha hata kwa jicho langu la darasa la sita. Saa ya kutoka ilikuwa imefika. Nikawa nawachekesha wenzangu, namwigiza bosi anavyopiga chafya. Walikuwa wanalia kwa kucheka. Nilikuwa mzuri siku ile! Nikachukua kipande cha shemeji, nikakata, nikakiweka kielee, nikavua.

Sikufuta maji.

Daktari wa wakati ule, marehemu sasa, aliona saratani kwenye kioo cha Pedali. Kweli ilikuwepo. Haikuwa yake. Wakakata mguu baada ya siku sita, haraka, maana mimi mwenyewe nilizunguka mezani kwa watu kuomba waharakishe.

Wiki iliyofuata nilikuwa napanga vioo. Nikajipa ruhusa ya kuchungulia, tulikuwa hatuna ruhusa. Nikaona misuli yake mizuri, mistari mistari, kama kitambaa cha suti. Uvimbe wake ni jipu la ndani tu, basi. Na pembeni, peke yake, haijagusana na chochote, imejikunja ukingo, ile nyama mbaya. Imeelea ikatua. Nikarudi kwenye nta yake nikakata vipande vingine kumi. Salama. Salama. Salama mpaka cha kumi.

Mguu ulikuwa umeshachomwa kwenye tanuru la hospitali.

Nilifunga kabati. Nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa amepika kwa kunishukuru. Nikala.

Jumapili, 10 Machi

Binti kanivuta twende tukamsaidie mjomba kufanya usafi, maana amepandwa na wazimu wa ile siku yake ya kusimama mbele ya madaktari. Anajishonea suruali mpya. Anataka na mimi anishonee ya kitambaa kilekile! "Tutaingia kama mapacha, shemeji. Nitawaambia wale watoto: mnaniona nimepona, lakini huyu ndiye aliyeniwahisha. Angeniacha kwenye foleni, leo ningekuwa udongo."

Binti akapiga makofi. Mimi nikasema kwa mwili wako udongo wenyewe usingetosha chungu. Wakacheka wote. Mdomo wangu unafanya kazi bila mimi. Misuli ya namna yake hiyo, waiongeze kwenye kitabu.

Chini ya kitanda binti akavuta sanduku. Viatu. Vya kushoto vitupu. Kila alipojinunulia jozi alivaa cha kulia, cha kushoto akakiweka. Vingine bado vina karatasi ndani. Nimewahi kumwambia mara mia afungue duka, wateja wake wawe wote wa kushoto.

Binti akauliza, mjomba, si uvitupe? Akajibu taratibu, huku anaingiza uzi kwenye sindano: "Kutupa naona kama nitauudhi ule mguu. Ulikufa badala yangu."

Nimehesabu. Viatu ishirini na kimoja. Sikutania.

Kurudi, binti kaniambia, Baba leo umezeeka.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda stoo. Daktari wa raba kanipa ufunguo na kiti. Droo ya chini, miguu. Ya kushoto upande wako wa kulia, ya kulia upande wako wa kushoto, kama mtu aliyekutazama. Ndiyo maana hawakipati, wao wanatafuta kama mtu amewapa mgongo. Dakika mbili nikawa nacho. Nta imekuwa ya njano kama jino langu. Katikati kipande cha nyama, ukubwa wa punje ya mahindi.

Nimekitia mfukoni. Nimemwambia sijakiona.

Hakukasirika. Kakaa kwenye ngazi, kafungua rejesta. "Mzee, hii ni hati yako?" Ndiyo. "Mbona kinyama namba mia mbili na nane kimekatwa, halafu kikafuata mia mbili thelathini na moja, cha mgonjwa wangu? Za katikati zilikwenda wapi siku hiyo?"

Nikamwambia hesabu zilinitoa shule, mwanangu.

 Akasema watu wa mikono huwa wanajua mambo ambayo hayakuandikwa, na kwamba hajaja kumkamata mtu. Kioo cha zamani anacho tayari, kilikuwa kwenye sanduku la kufundishia. Ameshakitazama. Kuna kitu ukingoni hakimpi raha, ndiyo maana anaitaka nta. Ikipatikana isipatikane, lazima azungumze na mgonjwa ijumaa.

Ijumaa! Leo jumanne. Anajua. Na ananipa nafasi, yule mtoto. Amenipa siku tatu kama mtu anayempa mlevi muda wa kufunga vifungo.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi binti alipokwenda darasani niliwasha jiko. Nikakishika kile kipande kwa koleo juu ya moto. Nta ikaanza kutoa jasho. Harufu ikaja, ileile ya chumba chetu cha kazi, nikasikia wenzangu wanacheka na mimi napiga chafya ya bosi. Tone moja likaangukia motoni, likalia chwii.

Halafu nikawaza. Mguu wote ulichomwa. Hiki ndicho kilichobaki. Punje hii ndiyo mguu wa kushoto wa shemeji yangu, wote, duniani. Na mimi nauchoma mara ya pili.

Nikauzima moto. Kona moja imeyeyuka. Nyama haikuguswa.

Miaka tisa iliyopita mke wangu, siku mbili kabla hajaondoka, aliniambia: katika yote uliyonitendea na uliyonikosea, mume wangu, la kumwokoa mdogo wangu linafuta. Nilimshika mkono. Ndipo palikuwa pa kusema. Nikamwambia alale.

Ninajidai nilinyamaza ili asijichukie maisha yote kwa kuniomba nimwahishe. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuwa yule mtu aliyepigiwa makofi.

Binti amerudi. Mwalimu kawauliza kazi za epithelia, yeye kajibu, kufunika. Kapata vema. Kaniambia nishangilie. Nimeshangilia.

Kabichi yote nyekundu sasa, mishipa imejichora hadi ukingoni mwa jani. Wino hauulizi njia.

Alhamisi, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika hapahapa dukani kwa Pedali, kwenye meza yake ya kukatia. Daftari nilikuja nalo kwenye mfuko, nilidhani kama ulimi ukigoma nitamsomea ya jumamosi.

Haikufika huko. Nilipoingia tu kanirukia na futi yake. Simama wima, Wembe, leo napima suruali yako. Kiuno kapima, kasema nimekonda kama sindano. Kashuka kwenye stuli yake, kapima mguu wa kulia, karudia wa kushoto. Nikamwambia yote ni sawa, andika mara moja. "Hakuna miguu iliyo sawa, shemeji. Niulize mimi." Kanyanyua futi kupima nyonga, mkono ukagonga mfuko.

"Umebeba nini, sabuni?"

Ningeweza kusema sabuni. Alinipa hadi neno.

Nikasema, "Ni mguu wako."

Alicheka! Alicheka mpaka akaondoa miwani akafuta macho. Kaniambia hii ndiyo bora kuliko zote, ningeitunza ya ijumaa mbele ya madaktari. Nikakitoa, nikakiweka mkononi mwake. Akasoma namba, hati yangu, tarehe. Akaacha kucheka polepole, kama mashine inavyosimama baada ya mguu kutoka kwenye pedali.

Nikamwambia. Beseni. Maji. Foleni niliyoiruka. Yule mtu mwingine. Chafya ya bosi, nayo nimeitaja, sikutaka kujibakizia. Vipande kumi salama. Sikutumia dakika tano. Miaka ishirini na saba, dakika tano!

Akauliza kitu kimoja. "Dada alijua?"

Hakujua, nikasema.

Alikuwa anafungua mdomo tena. Ndipo akaingia bwana mmoja na koti, zipu imekufa, anasafiri saa sita, tafadhali fundi. Nilidhani atamfukuza. Akapokea koti. Akakiweka kile kipande ndani ya kopo la vifungo, akafunika. Akaketi kwenye cherehani.

Ndiyo anashona sasa. Mteja anaongea peke yake habari za barabara. Shemeji hajaniangalia.  Amefumua mara mbili. Zipu! Kitu anachoweza kushona amelala. Ule mguu mmoja unakanyaga, unasita, unakanyaga.

Nje kumefunga mawingu.

Mteja ametoka. Kasema asante sana mafundi, na mimi kanijumlisha.

Shemeji amegeuza stuli. Amekaa ananitazama, mikono juu ya mapaja. Suruali ya upande wa kushoto imekunjwa na kubanwa pini kama siku zote. Ameusogeza ule mguu uliokatwa mbele yangu, taratibu, mpaka karibu na goti langu.

"Kinawasha," amesema.

Hatabasamu. Sijui huu ni utani au ni nini. Sakafu iko pale, nimekwishaikuna hadi saruji inang'aa.  Naweka kalamu, nainama